Sifa za Sukari Isiyosikia Bei Elekezi

Mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ililia sukari. Mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, wenye maduka wakaisikiliza kwa adabu kisha wakauza watakavyo. Hata sisi wa wilaya ya Kilosa, wenye miwa yetu ya Ruhembe, tulikunywa chai bila sukari. Chanzo kimoja tu hakikukatika: damu yangu.

Naomba kuisifu. Sukari hii haihitaji kibali cha kuagiza, meli wala dalali. Haingoji shamba likauke. Alfajiri, kabla sijaonja kitu, homoni za kuamsha mwili huligutusha ini, nalo hufungua ghala na kumwaga mzigo. Nikishikwa na malaria, uzalishaji unapanda. Nikigombana na shemeji, unapanda tena. Nitajieni kiwanda kingine nchini kinachoongeza tija kwa sababu ya shemeji. Na siku nikishinda na jembe, hutoweka ghafla hadi chini ya 4 kwenye kipimo, mithili ya mlanguzi aliyeambiwa mkuu wa wilaya yuko njiani, nikabaki natetemeka na jasho likinitiririka.

Sifa ndogondogo nazo zipo. Imenifundisha hesabu. Imenijaza peremende mfukoni, watoto wa kwetu Zombo wananipenda. Imenipa chungu chenye mchanga uliolowa cha kutunzia insulini, ambacho wageni hukifunua wakitafuta maji ya kunywa.

Tena imenizungushia wataalamu. Kuanzia hapa hadi Ulaya (ya wilayani kwetu, si ya kupanda ndege) kila mtu ana dawa: maji ya bamia, mlonge, magome ya mti asioutaja. Wanataka kujua nilipenda nini hata kongosho likagoma. Niligundulika nikiwa mtoto wa shule. Nilipenda mpira.

Lakini bingwa wao ni kliniki. Ukutani bango: Pima sukari yako mara kwa mara. Chini ya bango, dirishani: stripu hakuna, kanunue nje. Insulini napewa, nashukuru, tena si kwa mzaha. Waliogundua insulini waliuza hataza yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923, dola 1 kila mmoja. Wauza stripu habari hiyo haijawafikia. Basi nakisia dozi mwezi mzima, nafika, wananipima mara moja, 18, na swali ni lilelile: "Umekula nini?" Si umelala vipi, si ulikuwa na homa, si ulipimia nini. Umekula nini! Kwenye kadi wanaandika: hazingatii masharti.

Kliniki iliyopita ilisoma 6. Muuguzi aliwaita wenzake waone. "Unaona, baba? Ukijitahidi unaweza."

Nilikuwa nimetoka harusini. Nilikula pilau sahani mbili na soda.