Kamaru Yupi?

Kuna elimu ambayo haimpatii mtu kazi, haimpunguzii kodi ya nyumba, na ukiitoa ndani ya matatu hupewi hata siti ya mbele. Ndiyo hiyo niliyojaliwa. Najua bendi ipi ilizaa bendi ipi, nani alipigia nani gitaa kabla hawajakosana, na wimbo gani wa harusi ni ndugu wa wimbo gani wa Krismasi. Ilianza kwa kusoma maandishi madogo nyuma ya majalada ya santuri za baba, ikahamia kwenye simu, na sasa siwezi kusikia wimbo bila kuuhoji kama wazee wanavyomhoji kijana aliyekuja kuposa: wewe ni wa nani, na babu yako alitoka wapi?

Mtu mwenye tabia hii hafai kuishi Kiuu. Hii ni wadi ya Ruiru iliyobanana na kelele za Githurai 45, ploti juu ya ploti, na kila ploti ina kinyozi, kanisa, baa na duka la simu, kila mmoja na spika yake imeelekezwa barabarani. Kutoka mlangoni kwangu hadi steji napita benga, rege, injili, gengetone, mugithi, na mhubiri anayezilaani zote kwa kipaza sauti alichokodi kwa mwenye baa.

Na katikati ya mchanganyiko huo wote, watu wameshagawana muziki kama mashamba ya urithi. Huu wa Wajaluo, huu wa Wakamba, huu wa vijana, huu wa waliookoka. Redio za lugha za mama zimetia beacon kila kona. Ukionekana umevuka mpaka unaulizwa kwa upole kama uko sawa nyumbani.

Chukua ile asubuhi ndani ya nganya ya kwenda taoni. Makanga kijana, rasta hadi mabegani, ameweka Kanye West kwa sauti inayotikisa hadi mikanda ya siti. Wimbo ulikuwa "Yikes", wa albamu ya "ye" iliyotoka 2018. Pembeni yangu ameketi mama wa samaki anayeelekea Gikomba, karai tupu mapajani. Ghafla mama akaanza kuimba. Si kile alichokuwa akisema Kanye. Aliimba kwa Kijaluo, polepole, na sauti yake ikakaa sawasawa juu ya ile ngoma kana kwamba ilikuwa imeachiwa nafasi.

Makanga akapunguza sauti. "Mathee, hii ngoma umeijua wapi?"

"Yeye ndiye ameijulia wapi?" mama akauliza, akionyesha spika kwa kidole.

Hapo ulimi wangu ukaniponyoka. Nikaeleza kwamba mama ana haki, maana kile kipande kilichofichwa chini ya ngoma kimekatwa kutoka "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi wa miaka ya 1970. Ndani ya bendi hiyo alikuwamo Job Seda, yule yule aliyeigiza kwenye filamu ya "Out of Africa" ya 1985, akaenda London kupiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, akajiita Ayub Ogada, akarekodiwa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 1993 akatoa "En Mana Kuoyo". "Kothbiro" imo humo pia, safari hii kwa nyatiti. Ikasikika tena katika "The Constant Gardener" mwaka 2005. Mwimbaji wa roki, mpiga nyatiti, mwigizaji na mtunzi wa wimbo wa Kanye: mtu mmoja. Jina lake limo kwenye orodha ya watunzi wa "Yikes", pamoja na la James Mbarack Achieng.

Nilidhani nimemaliza. Lakini mama alikuwa amesikia jambo moja tu kati ya yote hayo. "Kwa hivyo huo wimbo ni wetu na huyu kijana anautumia kuvutia abiria? Basi mimi silipi nauli."

Tulipofika Roysambu kesi ilikuwa imeiva. Viti vya nyuma vilimuunga mama mkono. Mzee mmoja mwenye faili la kahawia akasema kisheria hati miliki haihusiani na nauli. Kijana mmoja akataka kujua kama yeye, ambaye mama yake ni wa Siaya ila baba ni wa Nyeri, alipe nusu. Dereva akaongeza sauti kuzima mjadala, na kwa kuwa sauti yenyewe ndiyo iliyokuwa kidhibiti, mjadala ukawaka zaidi. Mimi nilikuwa nishuke Roysambu. Nilishukia Pangani, na katika abiria wote ni mimi peke yangu niliyelipishwa mara mbili: "Buda, hiyo hadithi yako imetuletea hasara."

Ungedhani mtu angenyamaza baada ya hapo. Lakini Desemba ikaja, na Desemba ni mwezi wa Boney M. Kila duka lenye taa na kila kinyozi aliyetundika ukanda wa kumetameta anapiga "Mary's Boy Child" mpaka mwaka mpya. Kwaya ya watoto ya kanisa la karibu ilikuwa imeufanyia mazoezi wiki nyingi. Kumbe wakati huo huo mwalimu wa kwaya alikuwa amewakatalia maharusi "Malaika". Ni wimbo wa kidunia, alisema, hauwezi kupigwa mbele ya madhabahu.

Nikamfuata, kwa nia njema kabisa ya kuwasaidia maharusi. Nikamwambia, mwalimu, hizo nyimbo mbili zimepita mikononi mwa watu wale wale. Harry Belafonte alirekodi "Mary's Boy Child" mwaka 1956, na mwaka 1965 akaimba "Malaika" pamoja na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya pamoja, ile iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M nao wakaufanya ule wa Krismasi mwaka 1978, na 1981 wakarudi na "Malaika" hiyo hiyo ambayo sisi tuliizoea kwa sauti ya Fadhili William, na ambayo ukitaka ugomvi wa Mkenya na Mtanzania, uliza tu aliyeitunga ni nani. Miaka miwili baadaye wakachukua na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa. Nikaongeza, kwa kupamba tu, kwamba yule mwanaume wa Boney M aliyekuwa akirukaruka jukwaani hata hakuwa na sauti ile kwenye santuri. Sauti nene ilikuwa ya Frank Farian, prodyusa wao Mjerumani.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Halafu akachukua kalamu, na badala ya kuruhusu "Malaika", akafuta "Mary's Boy Child" kwenye programu. "Kama ni wale wale," akasema, "basi na huu utoke. Na udanganyifu wa sauti juu!" Kuna akina mama watatu hapa Kiuu ambao watoto wao walikuwa wameshashonewa mabawa ya malaika kwa ajili ya wimbo huo. Tukikutana dukani huniangalia kama deni.

Sitaeleza kwa kirefu yaliyotokea baa iliyo chini ya ploti yetu, ambako siku ya muziki wa country wanaume wazima wa Murang'a huvaa kofia pana na viatu vya ncha kali na kulilia mapenzi ya Tennessee. Itoshe kusema kwamba bawabu wa pale, Mkipsigis mpole, alichekwa alipoomba aingie acheze. Nikautetea ukoo wake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika na mashine yake kwa Wakipsigis, aliwarekodi wasichana wakimwimba "Chemirocha", ambaye si mwingine bali Jimmie Rodgers, baba wa country ya Marekani, aliyefariki 1933. Santuri zake zilikuwa zimetangulia na gramafoni, na huko ikasadikiwa ni kiumbe nusu mtu nusu swara. Kwa hiyo, nikasema, kwa habari ya country hapa Kenya, wenye mlango ni Wakipsigis. Bawabu akaamini. Sasa ndiye anayeamua nani kavaa kofia vizuri na nani arudi nyumbani akabadilishe.

Wala sitagusa siku niliyomwambia kinyozi kwamba "Helule Helule" ya Daudi Kabaka iliimbwa na Waingereza wa The Tremeloes mwaka 1968 na kuingia kwenye chati za kwao. Aligeuka kunikodolea macho huku mashine inaenda. Nywele zilishaota.

La Guka ndilo linalozungumzwa hadi leo.

Guka ni baba wa mwenye ploti. Alitimiza miaka themanini, akafanyiwa karamu uani: mukimo, mbuzi, kreti za soda, viti vya kukodi, na wufa kubwa iliyoazimwa kanisani. Kilichobaki ni muziki. Guka akampa mjukuu wake, msichana wa sekondari, amri moja tu: "Weka Kamaru."

Hakuna mzee wa Murang'a wa rika lile anayehitaji kuulizwa Kamaru gani. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, 1939. Aliyeimba kuhusu mwalimu na mwanafunzi wake hadi walimu wakatishia mgomo. Aliyemwombolezea J.M. Kariuki mwaka 1975 wakati wengine walikuwa wakiomboleza kwa kunong'ona. Msichana akaandika "Joseph Kamaru", simu ikamletea Joseph Kamaru, akabonyeza.

Kikatoka kitu kama friji inayowaza.

Wazee wakangoja gitaa. Dakika ya kwanza ilipita kwa heshima. Mmoja akasema huenda bado wanatyuni. Dakika ya pili ule mngurumo ukapanda kidogo, ukaingiwa na kama upepo, na kama mvua ikinyesha kwa jirani. "Stima imepungua," mtu akasema, na kijana akatumwa kuzima friji ya dukani ili kuupunguzia waya mzigo. Mngurumo haukujali. Bibi mmoja akafunika chakula, akiamini ni lile lori la kunyonya maji machafu limeingia uani kinyumenyume.

Kwa bahati, au kwa mkosi, kati ya wageni alikuwamo fundi. Huyu ni mtu anayetembea na bisibisi hata matangani. Akaiinamia wufa, akaitegea sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Koili imeenda." Akafungua skrubu moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha soda. Alipoingiza kidole ndani, sauti ikabadilika ikawa nyembamba, kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa umefika mahali pa kubadilika. Fundi akainua mkono. "Nimeipata!" Uani wakapiga makofi.

Ndipo nikaitazama simu. Jalada lilikuwa la "Peel", albamu ya 2020 iliyotolewa na Editions Mego ya Austria, na msanii ni KMRU. Nikajua tumekamatwa na mila zetu wenyewe. Mkikuyu humpa mtoto jina la babu yake, na tangu enzi hizo hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mashine itaulizwa itofautishe. KMRU ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru. Amesoma muziki Kenyatta University, hapo hapo ukishapita Kahawa Wendani, kisha akaenda Berlin, na kazi yake ni kuokota sauti za dunia, mvua, mitambo, vyumba vitupu, na kuzinyoosha taratibu mpaka zigeuke muziki. Huko Ulaya watu hulipa kiingilio, wakakaa sakafuni, wakafumba macho. Na ni yeye huyo anayezitoa upya rekodi za babu yake mtandaoni ili zisipotee.

Nikawaeleza wazee, safari hii kwa kifupi. Babu, maneno yake yalimtia taabuni na wakubwa. Mjukuu hana hata neno moja kwenye albamu nzima, na bado ametuvunjia karamu.

Guka alikuwa kimya. "Ni mjukuu wa damu?"

"Ndiyo, Guka."

"Na amepewa jina lake?"

"Lote."

"Basi mwacheni amalize."

Ikawa hivyo. Wazee kumi na ushee wa Murang'a wakakaa kwenye viti vya plastiki, kofia magotini, wakasikiliza wimbo mrefu usio na gitaa wala kiitikio, mukimo ikipoa. Hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha, wote wakamgeukia Guka.

"Ana subira," Guka akatoa hukumu. "Babu yake alipoacha nyimbo za dunia akaingia injili mwaka 1993 tulilalamika, tukasema ametupotea. Huyu naye ameacha hata maneno. Ana haraka gani? Gitaa atalifikia."

Kisha akaomba yule mwingine awekwe, na wazee wakainuka. Wengine hata fimbo walizisahau chini ya viti.

Shida ikabaki ya fundi. Alikuwa amesharudisha skrubu zote isipokuwa moja, ambayo ilinywewa na mtu pamoja na soda au iliingia kwenye mchuzi, na alikuwa anadai shilingi mia tano. Mwenye ploti akamwambia spika haikuwa na ugonjwa. Fundi akasema ndiyo maana anadai: ameifungua, ameichunguza, ameikuta nzima, na hiyo ni kazi kuliko kuikuta mbovu. Wakabishana mpaka Guka akaagiza bili ipelekwe kwa aliyesababisha kelele.

"Aliyesababisha yuko Berlin," nikasema.

Fundi akatoa simu yake mfukoni, akafuta kioo kwa shati, akaniuliza kama namba ya huko inapokea ombi la M-Pesa.