Prado ya Magoti Kidevuni

Nyeri mtu akivuna hela ya kahawa hanunui starehe, ananunua kimo cha gari. Prado ikipita Karatina, hata askari wa kizuizini husimama wima. Sasa ngoja siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, watu saba waelekee Othaya. Shosho, nyanya wa familia, hupelekwa safu ya tatu ya viti: kiti cha kati kinakunjwa, anasukumwa taratibu, “inama kidogo, shosho,” kisha anakaa magoti yakimgusa kidevu, maana kule nyuma sakafu imeinuka. Kreti ya soda nayo inapakatwa.

Jirani mwenye Noah, ile wanayoicheka eti ya matatu, anavuta mlango, unateleza. Sakafu iko chini. Shosho anapanda na kiondo chake bila kushikwa mkono na miguu anainyoosha.

Kweli, mvua ikinyesha Mukurweini, Noah itasukumwa. Lakini Prado nyingi ninazoziona hupambana na lami tupu, kutoka nyumbani hadi benki, kulipia mkopo wa Prado.

Jioni msafara ukirudi, Prado huongoza kwa fahari, ndani dereva na koti lake. Wazee wote wamehamia Noah.