Hiyo Orodha ya Michango Iondolewe Kwenye Grupu

Mfyuu! Jamani, hili tuliongee kabla kahawa haijapoa. Mhazini wa kamati ya harusi ameirusha tena ile orodha kwenye grupu la WhatsApp. Jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Juu wamekaa wa laki tano na tiki zao za kijani. Chini kabisa yuko fundi viatu wetu: ahadi elfu hamsini, ametoa sifuri. Kila jioni orodha inarushwa, kila jioni sifuri ile inasomwa na watu mia na kitu, wakwe zake wakiwemo. Mtu anadaiwa kodi, mwanawe amerudishwa shule kwa ajili ya sare, lakini kinachomnyima usingizi ni ile sifuri. Nimemuuliza, kaniambia hivyo hivyo.

Halafu anatokea mtu na kushauri eti tusijilinganishe na wengine. Aka! Huyo anakaa nyumba yenye geti. Huku Manzese wapangaji sita mnachangia choo kimoja na mita moja ya LUKU. Jirani akinunua friji, utajifanyaje hukuiona? Inanguruma usiku kucha nyuma ya ukuta wako, na umeme uliokuwa ukiwasogeza wiki nzima sasa unakata siku ya nne. Mnachangishwa upya, sawa kwa sawa, wewe mwenye taa moja na chaja ya simu. Ukisema, una kijicho. Ukinyamaza, unalipia barafu anazouza mwenzio. Hapo wivu uko wapi? Mfuko wako umetobolewa kweli.

Na hata jirani asipogusa senti yako, bado inauma. Wenzetu wa Rarieda, kule Siaya nchini Kenya, yaliwakuta. Shirika la GiveDirectly lilizipa fedha taslimu baadhi ya kaya zilizoezeka nyasi, bila masharti, nyingine hazikupewa. Baadhi ya waliopata wakabadili paa, wakaweka mabati. Mtafiti Johannes Haushofer na wenzake walipopima, wakakuta mali ya majirani ikipanda, kuridhika na maisha kunashuka, hasa kwa wale ambao hawakupewa kitu. Hakuna aliyewaibia. Ni bati la jirani tu linalomeremeta jua likitoka, na nyasi zako ziko palepale. Ila makali hayo yalipungua kadiri muda ulivyopita, maana jicho huzoea.

Sasa huku kwetu jicho litazoea saa ngapi? Harusi hii haijaisha, kadi ya kitchen party ya mwingine imeshapitishwa chini ya mlango. Na mwenye sifuri akishachoka kusomwa, anakwenda wapi? Kwenye mikopo ya kausha damu. Anakopa elfu hamsini ya kuondoa aibu, anaanza kurejesha kesho yake asubuhi, mtaji wa gundi na soli unaliwa. Wakopeshaji wa kwenye simu waliijua vizuri nguvu ya aibu hiyo: ukichelewa, walikuwa wakiwatumia ujumbe ndugu, bosi, hata mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ilifanya vyema. Lakini kamati zetu nazo zinadai kwa njia ileile, na hizo hazina Benki Kuu ya kuzizuia.

Mie sisemi watu wasichangiane. Harusi ya mwenzio leo, msiba wako kesho, ndivyo tunavyoishi, na fundi viatu huyo ndiye aliyekesha nasi kwenye matanga ya mzee wangu. Ninachokataa ni kumwanika.

Kwa hiyo wahazini, nawaomba sana: orodha ibaki kwenye daftari, mwenye deni apigiwe simu peke yake, na asiye nacho aulizwe ataweza kufanya kazi gani siku ya shughuli. Na nyie wenye nyumba, wekeni mita ndogo kila chumba, kila mtu alipie anachotumia.