Kilo Kumi na Tano za Chumvi

Bodaboda aliposimama mlangoni mwa darasa na boksi nyuma, nilidhani analeta vitabu. Nilikuwa mbele ya darasa la tano, chaki mkononi, nikiwaambia watoto sabini na wawili kwamba nukta ya desimali ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Kijana akashusha boksi, akajifuta jasho.

"Shikamoo, ticha. Mzigo wako kutoka kwa Mangi. Chumvi, pakiti thelathini."

Nilikuwa nimeagiza kilo moja na nusu, kwa ajili ya pilau la mahafali ya darasa la saba. Pakiti za Mangi ni za nusu kilo, kwa hiyo zilitakiwa tatu tu. Kwenye kikaratasi niliandika "chumvi kg 1.5", au hivyo ndivyo nilivyoamini. Mangi alisoma 15. Bodaboda alikuja nacho kama ushahidi, nikakitazama upya. Nilikuwa nimekiandikia juu ya paja, kwa penseli butu, kengele ikilia. Nukta ilikuwepo. Ukikiinua kuelekea dirishani, ukafumba jicho moja, ukaongeza na imani kidogo, unaiona.

Watoto hawakucheka papo hapo, maana wana adabu. Kwanza walitazamana. Kisha mmoja akasema taratibu, kama anayenikumbusha somo, "Ndogo, lakini ndiyo inayoamua." Darasa likalipuka.

Kwa miaka kumi na moja ya kufundisha hisabati, mwenye zamu ya kucheka nilikuwa mimi. Nina hata daftari ninamonakili majibu ya wanafunzi yaliyonifurahisha. La kwanza lilitokana na imla. Nilisoma: "Andikeni kwa tarakimu, elfu ishirini na tano." Nusu ya darasa wakaandika 25,000. Wengine wakaandika 20,005. Mmoja, mtiifu kuliko wote, akaandika alichosikia kwa mfuatano wake, elfu, kisha ishirini, kisha tano: 1000205. Kalamu nyekundu ikapita, wa 25,000 wakapata, waliobaki wakakosa.

Kesho yake mvulana wa 20,005 akanifuata ofisini na daftari lake.

"Mwalimu, mia moja na tano si ni 105?"

"Ndiyo."

"Na elfu moja na tano ni 1,005?"

"Ndiyo."

"Sasa hii elfu ishirini na tano yangu imekosea wapi?"

Walimu wenzangu wakainamia madaftari yao kwa bidii ambayo sijawahi kuiona tena. Haikuwa imekosea popote. Hiyo "na" yetu ni kigeugeu. Sokoni wanalijua hilo siku nyingi, na asiyetaka ugomvi husema "ishirini na tano elfu", mambo yakaisha. Nilimpa alama yake, na tangu siku hiyo imla yangu huisoma kwa lugha ya sokoni.

Jibu la pili lilihusu ukubwa. Ipi kubwa, 0.125 au 0.5? Darasa zima likaitikia kama kwaya: 0.125! Sababu? Mia moja ishirini na tano na tano, hapo kuna cha kuuliza? Kosa lilikuwa langu, maana ndivyo nilivyokuwa nikisoma: "nukta mia moja ishirini na tano". Baada ya nukta tarakimu hutajwa moja moja, nukta moja mbili tano, ili ile 1 ikae kwenye sehemu za kumi na kila mtu aone kwamba sehemu moja ya kumi haiwezi kuzishinda tano.

Hilo nami nilifundishwa na LUKU. Jioni moja nilimtuma binti yangu akatazame umeme uliobaki.

"Baba, zimebaki nukta kumi na tano."

Nikasikia kumi na tano. Nikachomeka pasi kwa raha zangu, mtu mwenye uniti kumi na tano. Pasi ya wati elfu moja hula uniti moja kwa saa, kwa hiyo uniti 0.15 ni dakika tisa. Kesho yake niliingia kazini na shati lililonyooshwa mkono mmoja.

Lakini mwalimu wangu mkali kuliko wote ni binti wa dawati la mbele, ambaye mama yake anauza mchele. Siku nilipofundisha kwamba kilo nne na nusu huandikwa 4.5, aliinua mkono, kisha akaelekeza kidole kwenye ratiba ukutani.

"Mwalimu, mapumziko ni saa nne na nusu, na pale imeandikwa 4.30. Mbona kwenye saa nusu ni thelathini, kwenye kilo nusu ni tano?"

Nikamweleza kuhusu Wababeli wa kale waliohesabu kwa sitini na kuturithisha dakika zao. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akauliza, "Na kwenye laki mbili na nusu?" Hapo nusu ni elfu hamsini. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Ukiwatazama vizuri, watoto hawa hawakosei ovyo. Kila kosa lao lina hoja. Shilingi yetu, kwa mujibu wa sheria, ina senti mia, lakini wao hawajawahi kuishika hata moja. Niliwahi kuwapa swali la zamani la kalamu ya shilingi 3.75, mmoja akaomba aelekezwe duka lilipo akanunue zote. Desimali kwao ni habari za ubaoni. Kosa langu mimi, mwenye cheti ukutani, halikuwa na hoja yoyote. Karne ya kumi, huko Dameski, mwanahisabati al-Uqlidisi aliandika desimali kwa kuweka kijistari juu ya tarakimu ya mamoja. Kijistari hata penseli butu ingekiweza.

Basi nikalifungua boksi mbele yao, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Wiki iliyotangulia tulikwama kwenye 15 ÷ 0.5. Jibu ni 30, na walilikataa katakata. Kugawanya kunapunguza, walisema. Mkate ukigawanywa, hakuna anayeondoka na mikate miwili. Niliwaambia wahamishe nukta, wakahamisha, wakapata 30, na nyuso zao zikaniambia kwamba wamepata lakini hawajakubali.

"Boksi hili lina kilo ngapi?"

"Kumi na tano!"

"Kila pakiti?"

"Nusu kilo! Sifuri nukta tano!"

"Hesabuni pakiti."

Walihesabu kwa sauti, wakizipanga sakafuni safu tatu za kumi kumi. Walipofika thelathini kukawa kimya. Mvulana wa 20,005 akatazama ubaoni, akatazama chumvi, akasema polepole, "Kumbe tulikuwa tunauliza zinatoka pakiti ngapi." Hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kunisaidia kiasi hicho.

Ikabaki kumpigia Mangi. Niliweka simu kwenye spika ili darasa lisikie mwalimu akiomba radhi. Nikamweleza habari ya nukta, akacheka mpaka akakohoa.

"Usijali, mwalimu. Bakiza tatu, zingine mpe kijana anirudishie. Nitafuta kwenye daftari lako elfu kumi na tatu na nusu."

Pakiti ni shilingi mia tano. Niliwaona wakikokotoa kwa vidole chini ya madawati: ishirini na saba mara mia tano. Midomo ikacheza, vichwa vikakubali. Kisha ukainuka mkono wa dawati la mbele.

"Samahani, mwalimu. Hiyo nusu ya Mangi ni ya saa au ya kilo?"