Misiba Saba ya Angani Unayoweza Kuhudhuria Ukiwa Kahe, Bila Kuchangishwa

Kahe haina ghorofa la kukuziba macho. Pale reli ya Tanga inapokutana na ile ya Voi, nchi imelala tambarare, Kilimanjaro kaskazini, Bwawa la Nyumba ya Mungu kusini. Na kwa kuwa tuko digrii 3.5 tu kusini mwa ikweta, tunaziona mbingu za pande zote mbili. Mtu wa London haoni zaidi ya nusu ya orodha hii hata apande paa, pole yake. Nyota nazo hufa, na mabaki yake ndiyo nebula: mawingu ya gesi na vumbi yenye rangi zao. Tunahesabu kuanzia msiba wa kawaida hadi ule wa kishindo. Daftari la rambirambi liacheni nyumbani.

7. Nebula ya Pete

Huyu ni mzee aliyekufa kitandani kwake, baada ya kuugua kwa adabu. Nyota ya kadiri ya Jua letu huishi mabilioni ya miaka ikigeuza haidrojeni kuwa heli ndani ya kiini. Haidrojeni ya kiinini ikiisha, kiini kinajikunja, tabaka za nje zinavimba, na nyota inakuwa jitu jekundu. Halafu linaanza kupwita na kupoteza tabaka hizo angani, mpaka kiini kinabaki uchi. Kiini hicho, chenye joto la zaidi ya digrii 100,000, kinamwaga mionzi ya urujuanimno, na gesi iliyotupwa inang'aa. Nebula tayari. Marehemu mwenyewe anabaki kibete cheupe, ukubwa wake kama wa Dunia. Jua letu litaanza safari hiyo baada ya miaka kama bilioni 5, kwa hiyo lipa tu ada ya shule, mangi, hiyo si sababu.

Itafute Agosti, saa nne usiku, juu sana upande wa Kibo. Utahitaji darubini, na jirani asiye na taa ya ulinzi.

6. Nebula ya Heliksi

Ndiyo ile picha inayozunguka WhatsApp kwa jina la Jicho la Mungu, pamoja na agizo la kuituma kwa watu kumi kabla ya usiku. Usitume. Ni kifo cha namna ileile ya namba 7, ila cha karibu: takriban miaka ya nuru 650. Oktoba inapita karibu na utosi wako.

5. Pete ya Kusini

Kila msiba una yule anayelia kuliko mjane. Katikati ya nebula hii kuna nyota mbili, moja inang'aa sana na nyingine hafifu, na mtu akiangalia haraka atampa pole yule anayeng'aa. Siye. Aliyetupa gesi yote ile ni huyo hafifu. Julai 2022 darubini ya anga ya James Webb ilipotoa picha zake za kwanza, hii ikiwa mojawapo, yule hafifu alionekana waziwazi akiwa amejifunika vumbi lake mwenyewe. Wataalamu walipoendelea kupekua umbo la gesi, wakasema huenda palikuwa na nyota nne au tano zilizohusika. Ndugu wa marehemu huongezeka hivyohivyo siku ya mirathi.

4. Mabaki ya Vela

Hapa ndipo ustaarabu unapoisha. Nyota yenye uzito wa Majua 8 na kuendelea haikubali kufa kitandani. Inaunguza heli, kaboni, oksijeni, silikoni, hadi inafika kwenye chuma, na chuma hakina nishati ya kumpa mtu. Moto wa kiinini unakosa kuni, kiini kinaporomoka kwa muda wa chini ya sekunde moja, na sehemu iliyobaki inalipuka: supanova. Vela ililipuka miaka kama 11,000 iliyopita, na mabaki yake yametapakaa angani kwa upana wa zaidi ya Miezi mipevu 15 ikipangwa mstari. Hiyo ndiyo familia iliyofunga barabara kwa turubai.

3. Supanova 1987A

Februari 24, 1987, Ian Shelton, Mkanada aliyekuwa kwenye kituo cha Las Campanas nchini Chile, aliona doa geni kwenye picha yake. Akafanya jambo ambalo wataalamu wengi wamelisahau: alitoka nje, akatazama juu. Lilikuwepo. Lakini kuna waliotangulia kufika. Saa chache kabla ya mwanga, mitambo ya Japani, Marekani na Usovieti ilikuwa imenasa nyutrino kama 25, chembe zinazochomoka kiinini papo hapo wakati mlipuko wenyewe bado unahangaika kutoboa ganda la nje. Wajumbe wa kamati siku zote hujua kabla ya redio.

Wingu Kubwa la Magellan, ilikokuwa nyota hiyo, liko umbali wa miaka ya nuru 168,000. Januari usiku utaliona kusini, chini chini, juu ya Nyumba ya Mungu.

2. Eta Carinae

Msiba huu una kasoro moja: hakuna maiti. Mwaka 1843 nyota hii ilifumuka ikawa ya pili kwa mng'aro usiku baada ya Sirius, ikatema gesi yenye uzito wa zaidi ya Majua 10, ikajifunika nebula. Kila dalili ya kufa, halafu haikufa. Ipo mpaka leo. Michango iliyokusanywa haijulikani ilikwenda wapi.

1. Nebula ya Kaa

Julai 1054 Wachina waliandika habari za nyota ngeni iliyoonekana hata mchana kwa siku 23. Mabaki yake ndiyo Kaa. Gesi yake inatanuka kwa kasi ya kilomita kama 1,500 kwa sekunde: Kahe hadi Dar na kurudi ndani ya sekunde moja, na hakuna trafiki wa kukusimamisha. Katikati kuna nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 kila sekunde.

Nafasi ya kwanza haikupewa kwa upendeleo wa kikanda, ingawa upo. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini, jirani na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya eksirei za angani. Ikapewa jina la Uhuru. Kaa alikuwa miongoni mwa vyanzo 339 vilivyoingia katika orodha yake ya mwisho. Na Desemba 12, saa sita usiku na ushei, Kaa huwa juu ya Kilimanjaro, upande uleule wa kilele cha Uhuru. Kuchagua jina, Afrika Mashariki hatujachoka.

Kaa anang'aa kwa eksirei kwa uthabiti kiasi kwamba wataalamu wamemfanya kipimo. Chanzo kimoja kina nusu Kaa, kingine mili-Kaa 20. Wa Malindi akisikia atauliza bei ya kilo.