Boza Limefika

Tangu Jumamosi napita njia ya nyuma, ile ya dampo, nisije nikakutana na wazee wa barazani. Wakiniona wananiita Boza.

Siku hiyo palikuwa na khitma ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, mtu aliyechukia kelele maisha yake yote. Nilichelewa. Kwa heshima nikazima pikipiki kwenye kona ya duka la Mangi, nikaisukuma taratibu hadi karibu na turubai. Sheikh alikuwa ameshainua mikono. Nikakata usukani kushoto nipate kuufunga. Pikipiki ikalia.

Si ile pii ya Boxer mnayoijua. Wiki hiyo hiyo fundi alikuwa ameng'oa honi ya kiwandani na kunifungia mbili za gari, zenye umbo la konokono, moja ya sauti nene na nyingine nyembamba. Barabara ya Kilwa mwenye honi ndogo hana haki, na hizi zikilia pamoja daladala linakupisha bila dereva kuuliza ni nani. Nilikuwa nimezionea fahari siku tatu nzima.

Nikarudisha usukani. Inalia. Nikachomoa ufunguo. Inalia. Mzee mmoja akanijia amevua viatu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, zima hicho chombo."

"Nimezima, mzee wangu." Nikamwonyesha ufunguo kiganjani.

Akautazama ufunguo, akaitazama pikipiki. "Basi kizime tena."

Uani nako akina mama waliokuwa kwenye pilau wakasikia muungurumo ule, na kwa kuwa mtaa mzima haukuwa na maji, wakatoka mbio na ndoo. Walidhani boza limefika. Walipokuta ni mimi na pikipiki, mmoja akaniuliza kwa ukali, kana kwamba nimeyanywa: "Na maji yako wapi?"

Tuiache ilie kidogo, niwaeleze inavyofanya kazi, maana tangu siku ile sina mazungumzo mengine. Honi ya umeme ni kitu cha ajabu. Ndani mna koili ya waya, na mbele yake kibamba chembamba cha chuma. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku na kukivuta kibamba. Lakini kibamba kikivutwa tu, kinaachanisha vichuma viwili ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinapitisha umeme wenyewe. Umeme unakatika, sumaku inakufa, kibamba kinarudi, vichuma vinagusana, umeme unapita tena. Yaani honi haifanyi lolote ila kujizima na kujiwasha yenyewe, mara mamia kwa kila sekunde, na ugomvi huo ndio sauti tunayoisikia. Konokono wa mbele kazi yake ni kuikuza. Mpe mmoja mitetemo kama 400 kwa sekunde na mwenzake kama 500, sikio linasikia lori.

Sasa, honi mbili za namna hiyo zinavuta umeme mwingi kuliko kile kiswichi cha kidole gumba kinavyoweza kubeba. Kwa hiyo huwekwa rilei: kiswichi kinapeleka umeme kidogo wa kuiamsha rilei, na rilei ndiyo inayouruhusu ule mkubwa utoke kwenye betri. Rilei ya maana ukiachia kidole nayo inaachia. Rilei ya bei ya maandazi, vichuma vyake vikipigwa cheche vinayeyuka na kushikana. Hapo utoe kidole, utoe ufunguo, utoe hata sadaka, honi inaendelea. Ndiyo maana huwekwa na fyuzi, ili likitokea la kutokea uichomoe mambo yaishe. Fundi wangu hakuweka fyuzi. Umeme wote aliuchukua moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye ufunguo, akaniambia ni kwa faida yangu, mwizi akija usiku. Na ule waya wa kiswichi akaupitisha shingoni mwa usukani, mahali ambapo ukikata kona yote unabanwa katikati ya vyuma. Ukichubuka na kugusa bodi, pikipiki inaamini umebonyeza.

Aliyeniokoa ni kijana wa boda aliyekuwa amekaa mkekani. Akauliza fyuzi iko wapi, akafungua kava la pembeni, akatazama, akanionea huruma. Kisha akaenda kwa wapishi akaazima kisu cha vitunguu, akakata waya mwekundu. Cheche moja, kimya. Katika kimya hicho mtoto mmoja akasema, "Aipige tena!"

Sheikh akarudi kwenye dua, na mwishoni akaongeza ya kuwaombea wenye vyombo vya moto. Hakutaja jina, ila watu wote waligeuka.

Jumapili nikamrudia fundi. Alisikiliza kisa chote mpaka mwisho, uso ukamchangamka. "Lakini mkuu, umesikia inavyolia?" Halafu akanidai hela ya rilei.

Na si honi tu. Taa za buluu nilizofunga chini ya injini zilikufa mvua ya kwanza. Kava la siti lenye nyuzi nyekundu linamserereshea abiria mgongoni mwangu kila nikishika breki. Mke wangu karudi kwenye daladala. Namba yangu ni ya njano, ya mtu binafsi, na bado naitwa "boda!" hata na shemeji zangu.

Hayo yote nayacheka. Breki siwezi. Breki ya nyuma ya pikipiki hizi ni ya ngoma: vyuma viwili vya nusu duara vinatanuka ndani ya gurudumu, na kinachosuguana na ngoma ni utando uliogundishwa juu yake. Uhai wako umeshikwa na gundi. Nilinunua mpya Kariakoo, boksi zuri, stika inang'aa, bei ya ori. Zikanibandukia mteremkoni, nyuma ya lori la mchanga. Nilisimama kwa breki ya mbele na kwa rehema. Niliporudi dukani na ule utando mkononi, muuzaji hakushtuka hata kidogo: "Ulitaka ori? Si ungesema."

Mwaka 2021 faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, tukashukuru. Nikikutwa sina saitimira nalipa, na ni haki. Yule aliyeniuzia gundi kwa bei ya breki yuko dukani kwake, anauza. Na wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimejaa wenzetu ambao kila mtu ameshakata shauri kwamba walikuwa wanakimbiza.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye pikipiki, fundi akikutuma soda, usiende. Kaa hapo hapo juani umtazame mikono. Mwambie akuonyeshe fyuzi. Na kifaa cha zamani kikifunguliwa, kidai, kitie mfukoni, uondoke nacho, hata kama kimeoza.