Mshale Mzito, Kisiwa Chepesi

Pale Jaws Corner, hapa Unguja, yuko bwana aliyerudi kutoka Marekani na upinde wa magurudumu. Kahawa inapoa, yeye anasomesha: mshale wa gramu 26 hukimbia na kunyooka, ila mnyama mkubwa huuzuia upesi; wa gramu 39 huenda taratibu, hupunguza kelele za upinde, na ukifika huzama. Mnyama mzito, mshale mzito. Fizikia yake haina kasoro, tumpe haki yake.

Kasoro ni mnyama. Chui wa Unguja, mpaka leo watu wanabishana kama yupo. Paa nunga hafiki hata kilo 15, tena analindwa, na msitu wake wa Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Wasasi wetu wa shamba huenda na mbwa, nyavu na mikuki; mizani wanawaachia wauza karafuu.

“Mwanangu,” mzee mmoja akauliza, “na hawa kunguru walioletwa kutoka India miaka ya 1890 watusafishie taka, wao gramu ngapi?”

Bwana akatoa simu, akaanza kupiga hesabu. Kunguru mwenyewe alikuwa keshaondoka na kipande chake cha kashata.